Je, Wajua? Vitabu Vinavyopita Korogwe

Ukurasa huu wa mambo ya kustaajabisha nimeuandika nikiwa Old Korogwe, kwa wasomaji wa Korogwe na Handeni. Safari hii ni vitabu vya waandishi weusi wa Afrika, hasa vilivyochapishwa au kutafsiriwa miaka hii ya karibuni, riwaya na visivyo riwaya. Maoni yangu nimeyatia humohumo, wala sikuyapunguza makali. Ninachoshikilia ni kwamba vingi kati ya vitabu hivi vinatuhusu sisi watu wa bonde la Ruvu, yaani mto Pangani, kuliko tunavyodhani, na tumechelewa kuvipata kwa sababu viliandikwa kwanza kwa Kiingereza.

Je, wajua kwamba riwaya ya "Peponi" inaanza na mtoto aliyesimama stesheni?

Mtoto huyo ni Yusuf, ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, mji wa bara uliochangamka pale Wajerumani walipoufanya kituo cha vifaa vya reli waliyokuwa wakiijenga kuelekea nchi za milimani. Siku moja Yusuf anawaona Wazungu wawili jukwaani, mwanamke na mwanamume, wa kwanza kuwaona maishani mwake. Anawakodolea macho. Yule mwanamume anamgeukia, midomo inafunuka, meno yanaonekana, na mtoto anatimka mbio huku akimwomba Mungu amnusuru. Abdulrazak Gurnah hapotezi maneno mengi hapo. Kwa tukio dogo kama hilo msomaji anajua nchi imeingiliwa na nani, hata kabla ya kuona bunduki.

Kawa ni mji wa kubuni, na sisemi kwamba ni Korogwe. Lakini tazama tarehe za reli yetu: ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, Muheza ikafikiwa 1896, fedha za kampuni zikakauka hadi serikali ya Kijerumani ikaichukua kazi mwaka 1899, Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miji iliyopata kelele za ghafla kwa sababu ya mataruma, kisha ikaachwa ikitazama mafundi wakisonga mbele, ndiyo hii tunayoipita kila siku. Mkazi wa hapa akiisoma Kawa hahitaji maelezo ya mtu. Anaijua hali ya mji ambao riziki yake inategemea nani amesimama kwa muda na nani anaendelea na safari.

Je, wajua "Peponi" ilichukua miaka mingapi kufika kwenye Kiswahili?

Miaka 28. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka huohuo ikaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Tafsiri ya Kiswahili ilitolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2022. Kati ya hapo ilibidi Nobel itangazwe kwanza, tarehe 7 Oktoba 2021, tuzo ambayo hakuna mwandishi mweusi aliyekuwa ameipata katika fasihi tangu Toni Morrison mwaka 1993. Siku ile redio zilimtaja Gurnah asubuhi na jioni, na wengi wetu hatukuwa tumesoma hata kitabu chake kimoja. Liliniuma jambo hilo, na linaniuma bado.

Mfasiri ni Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha SOAS, London, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshatafsiri hadithi ya Alisi katika nchi ya ajabu. Kazi yake katika "Peponi" ni nzuri mno. Watu wa kitabu kile, wafanyabiashara, wapagazi, mtumishi wa dukani, wake wa tajiri waliofungiwa uani, walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu mwanzo katika kichwa cha mwandishi. Utani wa Khalil, mtumishi huyo wa dukani, ambao kwa Kiingereza nilikuwa nikiusoma kwa kujikaza, kwa Kiswahili unachekesha papo hapo.

Zamani hatukuchelewa hivi. "Things Fall Apart" ya Chinua Achebe ilitoka 1958, na kufikia 1973 Clement Ndulute alishatupa "Shujaa Okonkwo". Utenzi wa Okot p'Bitek wa mwaka 1966 ukawa "Wimbo wa Lawino" mwaka 1975, kwa mkono wa Paul Sozigwa. Riwaya ya Ayi Kwei Armah ya 1968 ilifika haraka kuliko zote hizo: miaka minane tu, na mfasiri wa "Wema Hawajazaliwa" alikuwa Abdilatif Abdalla, mshairi aliyetoka gerezani Kenya mwaka 1972 na kuhamia Dar es Salaam. Hata Frantz Fanon, ambaye si mwepesi kwa lugha yoyote, alipatikana kama "Viumbe Waliolaaniwa" mwaka 1978, kazi ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Muongo mmoja ulizaa yote hayo, na vyombo vya kazi vilikuwa taipu na karatasi. Leo tuna kompyuta, na msomaji wa kidato cha nne anasubiri karibu miaka thelathini kwa kitabu cha mtu aliyezaliwa Unguja. Hili halikubaliki.

Je, wajua kwamba mambo ya rehani yaliwahi kuwafikisha Wazigua hadi Somalia?

Katika "Peponi" Yusuf hachukuliwi kwa nguvu. Mjomba Aziz, ambaye kwa kweli si mjomba, humpa mtoto sarafu kila anapokuja Kawa, kisha siku moja anaondoka naye kwa treni. Baba ana deni, na mtoto ndiye rehani ya deni hilo. Wasomaji wa mbali huliona jambo hili kama kisa cha ajabu. Mzee wa Handeni hataliona hivyo.

Masimulizi ya Wazigua yanasema kwamba katika miaka ya 1830 nchi ilikauka, njaa ikawa kali, na watu wakaahidiwa kazi na chakula ng'ambo. Walishuka pwani, wakapakiwa majahazini, na huko walikofika wakajikuta watumwa katika mashamba ya kusini mwa Somalia. Baadhi walitoroka na kujenga vijiji vyao kando ya mto Juba, na Kizigua chao kikadumu kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 wajukuu zao walikimbia. Wengine waliingia Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikaanza kuwapokea kwa maelfu. Wengine walirudi huku walikotoka mababu. Makazi ya Chogo, wilayani Handeni, ni yao, na wengi wamepewa uraia wa Tanzania.

Nikisoma habari za mtoto aliyewekwa rehani, nawafikiria hao. Ninachokitamani kuliko chochote kwenye rafu yangu ni kitabu kilichoandikwa na mtu wa Chogo mwenyewe, kwa Kizigua au kwa Kiswahili, kikieleza ilikuwaje kurudi kwenye nchi inayoongea lugha ya bibi yako baada ya zaidi ya miaka mia na hamsini.

Je, wajua kwamba mvulana wa Gurnah amerudi tena?

Riwaya yake ya mwaka 2025, "Theft", ina kijana anayeitwa Badar, anayepelekwa kuwa mtumishi katika nyumba ya watu Dar es Salaam, kisha anahamia Zanzibar ya mahoteli na watalii. Kati yake na Yusuf kuna miaka 31 ya uandishi, na bado ni mtoto yuleyule aliyekabidhiwa kwa watu bila kuulizwa. Wapo wanaosema mwandishi anajirudia. Mimi nasema anashikilia jambo ambalo halijaisha: watoto wa vijiji vyetu wanaokwenda mjini "kusoma" na kuishia jikoni kwa watu bado wapo, na tunawajua kwa majina.

Je, wajua kwamba askari wa kitabuni alikuwa na ndugu wa kweli?

"Afterlives", ya mwaka 2020, ndiyo ninayoipenda kuliko zote za Gurnah. Inahusu vijana walioingia jeshi la Wajerumani na kilichowapata baada ya hapo. Mmoja wao, Ilyas, anapotea vitani, na dada yake Afiya anabaki miaka na miaka bila kujua yuko wapi. Mwisho wake unapatikana Ujerumani, katika kambi ya Sachsenhausen.

Huo si ubunifu mtupu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, akafika Berlin mwaka 1929 akidai mishahara ambayo hakulipwa. Hakuipata. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, kisha Manazi wakamkamata mwaka 1941. Alikufa Sachsenhausen mwaka 1944.

Vita ile ya kwanza ilipita hapa hapa. Juni 1916 majeshi ya Uingereza yalishuka kando ya reli na mto, yakaichukua Korogwe na Handeni ndani ya mwezi huohuo. Kwa sababu hiyo napenda "Afterlives" isomwe pamoja na kitabu cha Mohamed Said kuhusu maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1998 na baadaye kwa Kiswahili. Humo utamkuta babu yake, Sykes Mbuwane, Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na kamanda wa Kijerumani Wissmann kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, na mwanawe Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, mto wetu unapoingia baharini. Kleist naye akawa askari wa Wajerumani, na baadaye mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929. Mohamed Said anaandika kwa hasira ya mtu anayeona majina yamefutwa kwenye historia ya uhuru. Unaweza kubishana naye kurasa nyingi, lakini huwezi kumsoma ukasinzia.

Je, wajua kwamba Rais wa zamani Mwinyi alituandikia kwa Kiswahili?

"Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu" ilizinduliwa Mei 8, 2021, siku alipotimiza miaka 96. Kumbukumbu za Rais Mkapa zilitangulia mwaka 2019, kwa Kiingereza. Cha Mkapa kina hoja kali zaidi, hasa kuhusu ubinafsishaji, ambao mikoa ya mkonge kama huu wetu iliuonja moja kwa moja. Lakini cha Mwinyi ndicho kinachosomeka barazani kwa sauti, mzee akisikiliza na kijana akisoma. Anapoeleza kujiuzulu kwake uwaziri mwaka 1977, baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola vilivyokuwa chini ya wizara yake, hatumii maneno makubwa. Sentensi zake ni za mtu aliyelala nalo jambo hilo muda mrefu.

Je, wajua kwamba Mazinde ilikuwa na mwandishi?

Abdallah bin Hemedi alikaa Mazinde kwa Semboja, mtawala wa huko, akaja kuandika "Habari za Wakilindi", kitabu cha ukoo uliotawala Usambara, kilichoanza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwaka 1895. Ndimo alimo Mbegha wa Ngulu, kigego aliyenyimwa urithi, akawinda nguruwe kutoka nchi hadi nchi mpaka akawa mtawala Vugha. Si kipya, lakini nakitaja kwa makusudi: riwaya nyingi za leo hazina mhusika wa kumfikia Mbegha.

Je, wajua kwamba mkonge wote wa Tanga ulianza na miche 62?

Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai Pangani ni hiyo 62. Kutokana nayo yakaja mashamba, na mashamba yakaleta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka kila upande wa nchi. Riwaya kubwa ya manamba, yenye kambi, kipande cha kazi, singa zinazokauka juani na harufu ya korona, mashine ya kuchakata mkonge, bado sijaisoma.

Anayeweza kuiandika anajua pa kuipeleka. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza mwaka 2023, humpa wa kwanza shilingi milioni 10, na kitabu kilichoshinda huchapwa na kusambazwa shuleni. Hilo la pili ndilo linalonivutia zaidi, maana kitabu kinachofika shule ya kata kinasomwa mpaka jalada linachanika. Miswada inapokelewa kwa Kiswahili, na washindi hutangazwa Aprili 13, tarehe aliyozaliwa Mwalimu.