Majina Mawili Kwenye Lebo Moja

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakukosea. Lakini siku hizi, naongeza mimi, kinachojiuza mara nyingi ni jina. Katika makala haya ninanuia kuwaeleza jinsi wabunifu mashuhuri wa mavazi wanavyoshirikiana na maduka ya watu wa kawaida huko ng'ambo, kwa nini nguo zao huuzwa bei nafuu humo, na jinsi mnunuzi anavyoweza kujua kama amepata au amepatikana. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa maana ndiyo iliyonifunza.

Mama yangu huuza mitumba pale Gikomba, Nairobi. Karo yangu hutoka humo. Likizo ya Agosti iliyopita alikopa pesa kwenye chama chao cha akina mama akanunua mtumba mzima wa sweta za kike. Wanaoijua biashara hii wanajua kwamba mtumba huufungui kwanza ukachagua. Unaununua ukiwa umefungwa, na riziki yako imo ndani. Tulipokata kamba, kamera, yaani zile nguo safi za daraja la kwanza, zilikuwa za kuhesabu. Fagia ndiyo iliyojaa tele. Mama hakusema neno. Aliketi juu ya kigoda chake akawa anahesabu kwa vidole.

Chini kabisa ya rundo nikapata sweta moja ya kupendeza ajabu, yenye mistari inayopinda juu na chini kama meno ya msumeno. Shingoni palikuwa na lebo: Missoni for Target. Binamu yangu aliye chuoni akatafuta jina hilo kwenye simu yake, akaruka. "Wee! Missoni ni Waitalia! Sweta yao moja ni mamia ya dola!" Moyo ulinienda mbio. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshalipa deni la chama na salio la karo.

Mama alipotoka kidogo, akaja mteja mmoja, mama wa makamo anayenunua kamera za kwenda kuuza dukani kwake. Akaishika ile sweta.

"Hii ni pesa ngapi, kijana?"

"Elfu tatu na mia tano, mama. Ni Missoni, orijino kutoka Italia."

Huku nasema hivyo, kidole gumba changu kilikuwa kimelifunika lile jina la pili. Yule mama alinitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Ondoa kidole, mwanangu." Nikakiondoa. Akasoma, akairudisha sweta polepole mahali pake, akaenda zake kwa kibanda cha jirani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata nusu dakika.

Mama aliporudi alisimuliwa yote na jirani. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Huyo amekuwa mteja wangu miaka sita. Wewe leo hukuuza sweta. Umeuza mteja."

Walahi, maneno hayo yalinichoma kuliko kiboko. Ndipo nikaamua kujua kwa undani lile jina la pili lilikuwa na maana gani. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mbunifu mwenye jina kubwa kwa kawaida hushona nguo chache, za ghali, kwa matajiri wachache. Target, kwa upande wake, ni kampuni ya Marekani yenye maduka makubwa ya bei nafuu. Duka lake la kwanza lilifunguliwa mwaka wa 1962 katika jimbo la Minnesota. Humo mtu hununua sabuni, sufuria, soksi na maziwa chini ya paa moja. Sasa hawa wawili wakipatana, mbunifu hutoa michoro, rangi na jina lake. Duka hutoa mtaji, viwanda na rafu zake zote. Duka hupata sifa ya kuwa na vitu vya fahari. Mbunifu naye hupata malipo, na pia hujulikana kwa vijana ambao kesho wakipata kazi nzuri huenda wakawa wateja wake. Nguo zenyewe hutolewa mara moja tu, na zikiisha basi.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka wa 1983 mbunifu Mmarekani aitwaye Halston, yule aliyebuni kofia aliyovaa Bi. Jacqueline Kennedy siku mumewe alipoapishwa kuwa Rais mwaka wa 1961, alikubali kubuni nguo za bei nafuu kwa maduka ya J.C. Penney. Kumbe alikuwa amejichongea! Duka la kitajiri la Bergdorf Goodman, New York, likaacha kuuza nguo zake. Wakati huo ilidhaniwa kwamba jina likishuka sokoni kwa wananchi, basi limechafuka.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka wa 1985 msanifu wa majengo Michael Graves alikuwa amebuni birika la kampuni ya Alessi ya Italia, lenye kidege mdomoni kinachopiga mluzi maji yakichemka. Lilikuwa birika la wenye nazo. Mwaka wa 1999 Target ikamwita huyo huyo abuni mabirika na vyombo vingine vya nyumbani ambavyo mtu wa mshahara mdogo angeweza kuvinunua. Mwaka wa 2003 ikamfuata Isaac Mizrahi kwa upande wa mavazi. Halafu Novemba 2004 kampuni ya H&M ya Uswidi ikashangaza ulimwengu kwa kumleta Karl Lagerfeld, ambaye tangu 1983 ndiye aliyekuwa mbunifu wa nyumba ya Chanel, Paris. Watu walipiga foleni, na katika maduka mengi nguo zikaisha upesi mno. Tangu hapo H&M imeshirikiana na wengi, kama vile Stella McCartney mwaka wa 2005, Versace mwaka wa 2011 na Balmain mwaka wa 2015. Hata Afrika haikuachwa nyuma. Mwaka wa 2019 Palesa Mokubung wa Afrika Kusini, mwenye lebo ya Mantsho, aliuza mavazi yake kupitia H&M, akiwa mbunifu wa kwanza kutoka bara letu kufanya hivyo.

Sasa turudi kwa sweta yangu. Missoni ni kampuni ya familia iliyoanzishwa na Ottavio na Rosita Missoni huko Italia mwaka wa 1953, na ile mistari ya meno ya msumeno ndiyo alama yao. Tarehe 13 Septemba 2011 Target ilitoa bidhaa zipatazo 400 zenye mistari hiyo: sweta, magauni, viatu, blanketi, hata baiskeli. Watu walimiminika madukani alfajiri kama nzige. Wengine waliingia kwenye tovuti ya Target kwa wingi hata ikazimika. Siku hiyo hiyo walanguzi wakaanza kuziuza tena kwenye mnada wa eBay kwa bei ya juu kuliko ya duka.

Yamkini utauliza, kama jina ni lile lile, bei imeshukaje? Nami niliuliza hivyo. Jibu nililipata ndani ya sweta yenyewe, kwenye ile lebo ndogo ya ubavuni ambayo wengi hatuisomi. Iliandikwa kwamba sehemu kubwa ya nyuzi zake ni akriliki, na sufu ilikuwa kidogo. Akriliki ni nyuzi za kiwandani zitokanazo na mafuta ya petroli, na ni rahisi kuliko sufu ya kondoo. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni wingi. Kiwanda kikishona maelfu kwa mchoro mmoja, gharama ya kila moja hupungua. Ya tatu ni kazi ya ndani: bitana huondolewa, vifungo huwa vya plastiki, na kinachoweza kushonwa kwa mashine hakishonwi kwa mkono. Kwa ufupi, jina la kwanza kwenye lebo linakwambia nani alichora. Jina la pili linakwambia nani alichagua kitambaa na kiwanda. Mimi nilisoma la kwanza nikafunika la pili.

Hata hivyo, msinielewe vibaya. Sweta ile haikuwa feki. Feki ni nguo inayobandikwa jina la mtu bila idhini yake. Hii ilikuwa na idhini ya Missoni, na mistari yake ilikuwa yao kweli. Ni halali, ila ni halali ya aina yake. Aiitaye feki anaionea, na aiitaye orijino ya Italia, kama nilivyofanya mimi, anamwibia mnunuzi.

Jambo lingine ni uhaba. Maduka haya hutengeneza kiasi kidogo kuliko watu wanaotaka, na uhaba huo ndio huwakimbiza watu alfajiri. Lagerfeld mwenyewe aliilalamikia H&M baada ya mwaka wa 2004 kwamba ilitoa nguo zake chache mno. Mtu akiona rafu inaisha, hafikirii tena kama anaihitaji nguo ile. Anafikiria tu asikose. Lakini haraka haraka haina baraka. Mwezi wa Septemba 2019 Target ilirudisha madukani baadhi ya bidhaa zake za zamani za wabunifu 20, Missoni wakiwemo. Wale waliokuwa wamewalipa walanguzi bei ya kuruka wakiamini kwamba hazitaonekana tena, sijui walijisikiaje siku hiyo!

Basi kwa anayetaka kununua nguo za namna hii, awe huko ng'ambo au hapa kwetu penye rundo la mitumba, nashauri hivi:

Kwanza, soma majina yote mawili. Ukiona jina la mbunifu likifuatiwa na la duka, jua unanunua mchoro wake, si kitambaa chake.

Pili, tafuta lebo ya nyuzi. Sufu, pamba na kitani hudumu zikitunzwa. Akriliki ikisuguliwa sana huota vijidonge, hasa kwapani na kwenye mikono. Pitisha kiganja hapo kabla hujatoa pesa.

Tatu, igeuze ndani nje. Angalia mishono kama ni ya karibu karibu, na kama mistari inakutana vizuri ubavuni. Mbunifu mzuri huonekana hapo hata kitambaa kikiwa cha bei rahisi.

Nne, jiulize kama ungeinunua bila ya lebo. Ukijibu ndiyo, chukua. Ukisitasita, basi ni jina unalolitaka, na jina halikingi baridi.

Tano, usimkimbilie mlanguzi. Bei nafuu ndiyo maana yote ya ushirikiano huu. Ukilipa mara tatu ya bei ya duka, umeipoteza faida iliyokusudiwa, umebaki na akriliki.

Nami muuzaji nina shauri langu moja tu: usifunike kitu kwa kidole.

Majuma mawili baada ya kisa kile, yule mama alipita tena, akiwa anaelekea kwa jirani. Nilimwamkia, nikaishika ile sweta nikamwonyesha lebo ya shingoni na ya ubavuni kabla hajaniuliza lolote. Nikamwambia, "Mama, hii ni ya Missoni waliyowatengenezea Target. Nyingi ni akriliki. Mchoro ni wao kweli. Nauza mia nane." Aliigeuza ndani nje, akapitisha kiganja kwapani, akasema mia sita. Tukaafikiana mia saba. Sweta nyingine za mtumba ule tulikuwa tukiziuza mia na hamsini, kwa hiyo mchoro wa Missoni ulikuwa na thamani yake bado, hata bila ya uongo wangu.

Mia saba hazikulipa deni la chama. Mama aliendelea kulilipa kidogo kidogo hadi Oktoba, na mimi nilirudishwa nyumbani kwa salio la karo siku mbili. Lakini juma lililofuata yule mteja alisimama tena kibandani petu, akamwuliza mama, "Kijana wako yuko? Nataka anisomee lebo."