Kabla hujanunua chuma chenye mawimbi

Siku hizi kuna washikaji wanataka kujifunza kufua visu, na wengi wanaanzia pabaya: boom likiingia tu, wanawaza kuagiza mabapa ya chuma chenye mawimbi, kinachoitwa chuma cha Dameski. Kinapendeza, sibishi. Ila mawimbi yale ni aina mbili za chuma zilizopangwa tabaka, zikapashwa moto na kupigwa nyundo mpaka zikashikana. Bapa likichovywa kwenye tindikali, chuma chenye nikeli hubaki cheupe na kingine hugeuka cheusi. Basi. Ukali wa kisu unatokana na kaboni na jinsi kilivyotiwa maji, na picha ya muuzaji haioneshi kaboni.

Tena mengine yamechorwa juu juu. Ukipiga msasa yanafutika, na tindikali haiyarudishi. Ya kweli hurudi, maana yamo hadi ndani.

Anayeanza aende kwa wauza skrepa, Musoma au Bunda, aulizie springi ya gari, ile ya mabapa. Kwa kawaida ina kaboni kama asilimia 0.6, inatosha kabisa kwa kisu au panga. Nondo achana nazo, nyingi zina kaboni ndogo, hazishiki makali. Kagua nyufa pia, kwa sababu springi hiyo imeshabeba mizigo miaka mingi.

Usimwamini muuzaji, kata kipande upime. Kwenye grenda, cheche zikipasuka matawi matawi, kaboni ipo. Kisha kipashe moto mpaka sumaku isikishike, nyuzi 770 hivi, ongeza moto kidogo, halafu kizamishe kwenye mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu (weka mfuniko wa chuma karibu, mafuta hulipuka moto). Tupa ikiteleza bila kung'ata, umepata chuma. Lakini hapo kinavunjika kama kioo, hivyo kisu chenyewe lazima ukirudishe kwenye joto la nyuzi 200 kwa saa moja au mbili.

Mhunzi mmoja wa Butiama niliyemwamkia na kumuuliza kuhusu mawimbi alicheka: "Mwalimu, hayo maua yanakata nyama?" Na ufundi huu si mgeni kwetu. Mara ilikuwa na Waturi, koo za wahunzi. Ng'ambo ya ziwa, Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery walionesha mwaka 1978 kwamba chuma cha kaboni kilizalishwa pale zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Ukishafua visu vitatu vinne vya springi, kanunue hicho cha mawimbi. Kwanza mwulize muuzaji ni vyuma gani viwili vimeunganishwa. Akizungukazunguka, usilipe.