Maumivu ya Mtoto Yatibiwe Kabla ya Kidonda

Nyanda za juu za Ngorongoro zina baridi kali, na moto ndani ya boma hauzimwi upesi. Mtoto anayejifunza kutembea huangukia mafiga au humwagikiwa na chai ya moto. Akifikishwa Hospitali ya Endulen, ndani ya hifadhi, au Hospitali ya Kilutheri ya Karatu, safari ndiyo kwanza inaanza: kidonda kitasafishwa na kufungwa upya mara nyingi, pengine kwa majuma. Maumivu mengi yako hapo, na ndiyo tunayoweza kuyapunguza.

Kinachomuumiza zaidi ni haraka zetu. Bandeji iliyokauka ikibanduliwa kwa nguvu, hung'oka na ngozi changa. Ikiloweshwa kwanza kwa maji ya dripu, huachia taratibu. Parasetamoli ya kunywa, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, huhitaji kama nusu saa au zaidi kufanya kazi. Akipewa akiwa ameshalazwa mezani, imechelewa. Kwa kidonda kikubwa haitoshi kabisa. Hapo inatakiwa morfini ya kunywa, au ketamini, ambayo humfanya asihisi maumivu huku kwa kawaida akiendelea kupumua mwenyewe. Ila ketamini inataka mtu aliyesomea kuitumia, oksijeni karibu, na wa kumwangalia mtoto mpaka aamke. Hata ganzi ya kushonea huchomwa polepole kwa sindano nyembamba, kisha husubiriwa dakika chache. Mshono unaowahi kuingia kabla ya ganzi kushika ni mateso yasiyo na sababu.

Wapo watakaosema mtoto wa kifugaji lazima azoee kuvumilia. Siafiki. Kijana wa Kimaasai anayetahiriwa bila kupepesa jicho ameandaliwa kwa muda mrefu; anajua kinachokuja, kwa nini, na heshima inayomngoja. Mtoto wa miaka miwili hajui lolote kati ya hayo. Anachojifunza ni kuogopa koti jeupe, na safari ijayo atashikwa na watu wanne.

Wachanga nao wanaumia. Hadi miaka ya 1980, hata Uingereza na Marekani, watoto njiti walipasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli na ganzi kidogo mno, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata matatizo machache baadaye kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Kliniki ya chanjo haihitaji dawa kali. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto apakatwe, na anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake. Chanjo ya rota, ambayo ni ya matone na ina utamu wa sukari, itangulie sindano: ratiba ni ileile, gharama ni ileile, mpangilio tu ndio unaobadilika. Njiti au mchanga aliyelazwa hospitalini na hawezi kunyonya hudondoshewa ulimini maji ya sukari kidogo, yaliyoandaliwa na muuguzi, dakika moja au mbili kabla ya kuchomwa. Asali isitumike, hata iliyo safi kutoka bonde la Ziwa Eyasi. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kulemaza misuli.

Kwa mkubwa kidogo, tuache kumtishia nyumbani kwamba akilia nesi atamchoma sindano, kisha tumdanganye hospitalini kwamba haiumi. Aambiwe itauma kidogo na itaisha. Na nani amwambie? Muuguzi huongea Kiswahili, mtoto anajua Kimaasai, Kiiraqw au Kidatoga tu. Kumtoa mama au bibi nje ya chumba ni kumnyima mtoto mkalimani wake wa pekee. Mzazi apewe kiti upande wa kichwa, aelezwe kila hatua kabla haijafanyika, naye amweleze mtoto kwa lugha ya nyumbani.