Kwa nini barabara nyeupe za Chianti hazikuzikwa chini ya lami?

Ukiendesha baiskeli kwenye vilima vya Chianti, Italia, lami huishia ghafla. Mbele yako kuna changarawe nyeupe, mashamba ya mizabibu huku na huku, na gari moja moja tu.

Barabara hizi huitwa strade bianche, yaani "barabara nyeupe". Weupe huo unatokana na mawe ya chokaa yaliyopondwa. Wenye magari wengi hukwepa vumbi na mashimo, ndiyo maana kuna utulivu. Ikiwekwa lami, magari yanaongezeka, mwendo unaongezeka, na utulivu unakwisha.

Hatari hiyo ndiyo iliyomsukuma Giancarlo Brocci kuanzisha L'Eroica mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole. Ni msafara wa baiskeli za zamani, zilizotengenezwa 1987 au kabla ya hapo. Lengo lilikuwa kuwaonyesha watu kwamba barabara ya vumbi nayo ni mali.

Mwaka 2007 wakaja na waendeshaji wa kulipwa. Mbio zao, Strade Bianche, humalizikia uwanja wa Piazza del Campo, Siena, baada ya mlima mkali katikati ya mji.

Unataka kujaribu? Vilima vya huko si mchezo: ukimaliza kimoja, kingine kinakusubiri. Chukua tairi pana kidogo na gia nyepesi. Ukishuka, usibane breki kwa nguvu, changarawe inateleza.

Na divai? Ngoja mpaka upaki baiskeli.