Kuunganishwa kwa Hisa: Nini Hubadilika kwa Mwanahisa wa Muda Mrefu

Na Mwandishi Wetu, Singida

Wananchi wengi wenye hisa walizinunua zilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza: za Benki ya NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600, za CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150, au za Vodacom Tanzania mwaka 2017 kwa shilingi 850. Baadhi yao hawajaziuza hadi leo. Mwanahisa wa namna hiyo, awe Kiomboi, Manyoni au Singida mjini, hufuatilia taarifa za kampuni kwa nadra, na siku akikuta idadi ya hisa zake imepungua, jambo la kwanza analowaza ni kwamba ameibiwa.

Moja ya sababu za upungufu huo ni uamuzi wa kampuni kuunganisha hisa, yaani kuzikusanya hisa kadhaa za zamani na kuzifanya hisa moja mpya. Ni kama madebe ya alizeti yanapomiminwa katika gunia: vyombo vimepungua, mzigo ni uleule. Chukua mwanahisa mwenye hisa 1,003 zenye bei ya shilingi 100 kila moja. Kampuni ikiunganisha hisa 10 kuwa 1, atabaki na hisa 100, na bei ya kila moja inatarajiwa kuanzia shilingi 1,000. Zile 3 zilizosalia hazitoshi kuunda hisa moja, hivyo hushughulikiwa kwa utaratibu uliotangazwa, mara nyingi kwa kulipwa fedha taslimu. Mwenye hisa 8 tu anaweza kujikuta ametolewa kabisa katika orodha ya wanahisa. Huyo ndiye wa kwanza kuguswa, na ndiye anayesahaulika zaidi.

Kampuni huchukua hatua hii bei ya hisa inapokuwa ndogo mno. Katika masoko makubwa ya Marekani, hisa inayodumu chini ya dola 1 inaweza kuondolewa sokoni. Hata hivyo, bei mpya si faida. Aliyenunua kwa shilingi 500 katika mfano wetu anapaswa kuhesabu kwamba sasa gharama yake ni shilingi 5,000 kwa kila hisa, hivyo bei ya shilingi 1,000 bado ni hasara. Benki ya Citigroup ya Marekani iliunganisha hisa 10 kuwa 1 mwezi Mei 2011, na bei ikapanda kutoka takribani dola 4.5 hadi takribani dola 45 bila mtu yeyote kutajirika. Kwa hesabu ya hisa mpya, walionunua mwanzoni mwa mwaka 2007 walikuwa wamelipa zaidi ya dola 500.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Shirika la Ndege la Kenya, Kenya Airways, ambalo hisa zake ziliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) mwaka 2004. Novemba 2017, likiwa limeelemewa na madeni, shirika hilo lilifanya marekebisho ya mtaji ambayo ndani yake hisa 4 za zamani ziliunganishwa kuwa 1. Mwenye hisa 4,000 alibaki na 1,000.

Kama jambo lingeishia hapo, asingepoteza kitu. Lakini katika marekebisho hayohayo, madeni ya Serikali ya Kenya na ya benki yaligeuzwa kuwa hisa mpya. Kabla yake shirika lilikuwa na hisa takribani bilioni 1.5, ambazo zikiunganishwa kwa nne nne hufikia takribani milioni 374. Baada ya hisa mpya kutolewa, jumla ilizidi bilioni 5.6. Fungu la Serikali ya Kenya lilipanda kutoka asilimia 29.8 hadi 48.9, na kampuni iliyoundwa na benki zilizokuwa zikilidai shirika ikapata asilimia 38.1. Fungu la mwanahisa wetu katika umiliki, ikiwa hakununua hisa nyingine, likawa takribani moja ya kumi na tano ya lile la awali. Kilichompunguza ni hisa mpya walizopewa wengine. Haitoshi, basi, kusoma uwiano wa kuunganisha ukaacha kurasa zinazofuata.

Ni haki kusema pia kwamba bila hatua hiyo wanahisa wangeweza kupoteza vyote, kwa kuwa kampuni inapofilisika wadai hulipwa kwanza. Baadaye, kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025, uuzaji wa hisa hizo sokoni ulisimamishwa, na aliyekuwa akihitaji fedha hakuweza kuziuza sokoni kwa zaidi ya miaka minne.

Si kila kampuni huishia hivyo. General Electric ya Marekani iliunganisha hisa 8 kuwa 1 mwaka 2021, na thamani yake ikapanda katika miaka iliyofuata kwa sababu biashara yenyewe iliimarika.

Hapa nchini, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kuunganisha hisa ni uamuzi unaofanywa katika mkutano mkuu wa wanahisa. Mwanahisa asiyeweza kusafiri hadi Dar es Salaam anaweza kumteua mwakilishi wa kumpigia kura. Katika waraka wa mkutano atafute mambo matatu: uwiano wa kuunganisha, namna vipande vya hisa vitakavyoshughulikiwa, na kama kuna azimio la kutoa hisa mpya, nani atapewa na kwa bei gani.

Waraka huo hutumwa kwa anwani iliyopo kwenye kumbukumbu. Aliyehama au kubadili namba ya simu tangu aliponunua hisa awasiliane na dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) ili taarifa zake zirekebishwe. Wasimamizi wa mirathi wanaoshika hati za zamani nao waulize kwanza idadi iliyopo kwenye akaunti ya hisa ya marehemu kabla ya kugawana kwa kufuata idadi iliyoandikwa kwenye karatasi.