Andika jina nyuma ya picha kabla bibi hajasahau

Mkula ni kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Watu wake wana asili nyingi. Wapo Wandamba, Wapogoro na Wahehe. Wapo pia ambao wazee wao walifuata kazi ya miwa baada ya kiwanda cha sukari kuanza miaka ya 1960, au kazi ya reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Familia za namna hii huwa na ndugu wa mbali, na mara nyingi kinachowaunganisha watoto na ndugu hao ni picha chache zilizohifadhiwa kwenye bahasha ndani ya sanduku la bibi.

Shida huanza mtoto anapoinua picha moja na kuuliza, "Huyu nani?" Mama hajui. Baba anakisia. Bibi ndiye anayejua, lakini siku hizi kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Akishaondoka yeye, yule mtu wa kwenye picha anabaki uso tu.

Jambo hili linaonekana wazi kwenye picha za kambi za raia zilizokuwepo hapa hapa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kambi mojawapo ilikuwa Morogoro, makao makuu ya mkoa wenye Mkula. Nyingine ilikuwa Ifunda, mkoani Iringa, ng'ambo ya milima ileile ambayo mtoto wa Mkula huiona kila asubuhi.

Walikuwa akina nani

Waliokaa kwenye kambi hizo walikuwa Wapolandi. Mwaka 1939 nchi yao ilivamiwa na Ujerumani upande wa magharibi na Umoja wa Kisovieti upande wa mashariki. Kuanzia Februari 1940, familia nyingi za mashariki zilitolewa majumbani kwa nguvu, zikapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia, Kazakhstan na sehemu nyingine za Umoja wa Kisovieti. Hawakuwa askari. Walikuwa wakulima, walimu, akina mama na watoto. Huko walifanyishwa kazi ngumu, na wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi.

Mwaka 1941 Ujerumani ilipoishambulia Sovieti, Wapolandi hao waliachiwa. Mwaka 1942 maelfu walivuka kuingia Iran. Wanaume wenye nguvu walijiunga na jeshi la nchi yao lililoundwa upya. Wanawake, wazee na watoto walitafutiwa mahali pa kukaa, na sehemu yao wakaletwa kwa meli hadi Afrika Mashariki, chini ya serikali ya kikoloni ya Waingereza.

Tanganyika iliwapokea Tengeru karibu na Arusha, Kondoa, Morogoro, Ifunda na Kidugala. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu wapatao 5,000. Kila kambi ilikuwa na mkuu wake, na wakazi waliandikishwa. Walikaa wakisubiri vita iishe, na vita ilipoisha mwaka 1945 wengi hawakuwa na kwa kurudi, kwa kuwa maeneo walikotoka yalikuwa yameingizwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Kambi zilifungwa kidogo kidogo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watu wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko.

Kidugala ina kisa kingine ndani yake. Kabla ya Wapolandi, mahali hapo palikuwa misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Berlin. Vita ilipoanza, Waingereza waliwakamata Wajerumani waliokuwa Tanganyika na kuwaweka kizuizini, na wengi baadaye walipelekwa Rhodesia Kusini na Afrika Kusini. Hivyo vita moja iliwatoa raia wa taifa moja mahali pale na kuwaleta raia wa taifa lingine. Pande zote mbili walikuwamo watoto ambao hawakuchagua lolote.

Picha inasema, picha inaficha

Picha nyingi za kambi hizo zimebaki. Nyingine zimo kwenye nyaraka za taasisi za Wapolandi huko London, nyingine ziko kwenye albamu za familia. Zinaonyesha nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi, zimepangwa kwa mistari. Zinaonyesha wanafunzi wamesimama mbele ya darasa, wasichana waliovaa nguo nyeupe siku ya komunyo ya kwanza, na akina mama kwenye bustani za mboga.

Anayezitazama haraka anaweza kusema maisha yalikuwa mazuri. Kwa kiasi fulani yalikuwa, maana watoto walikula, walisoma na walitibiwa. Lakini mpiga picha hupiga siku ya sherehe, hapigi usiku wa kilio. Mtoto anayecheka mbele ya nyumba ya msonge huenda alimzika mdogo wake njiani. Mama aliyeshika jembe huenda hajui kama mume wake yu hai. Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi yapatayo 150, na hayo yanasimulia yasiyo kwenye picha.

Ndiyo maana majina yamekuwa na thamani kubwa. Baadhi ya watoto waliokulia kambini walikuwa yatima. Mwaka 1949 zaidi ya mia moja kati yao walitolewa Tengeru na kufikishwa Kanada kupitia Italia, wakaanza maisha mapya kwa lugha ngeni. Kwa mtu kama huyo, picha moja yenye jina na mwaka nyuma yake ni kama cheti cha kuzaliwa. Inamwambia mwanawe na mjukuu wake kwamba bibi yenu alikuwa na mama, na mama huyo aliitwa hivi.

Waliosimama pembeni

Kwenye picha hizohizo wapo pia Waafrika. Kambi zilihitaji wajenzi, wapishi, walinzi na vibarua, na kazi hizo zilifanywa na watu wa maeneo ya jirani. Wengine wanaonekana wamesimama pembeni, wengine wamebeba mzigo, wengine wanatazama kamera moja kwa moja. Mara nyingi maelezo ya picha yanamtaja mwalimu wa Kipolandi, padri na mkuu wa kambi, lakini yule wa pembeni anaitwa "mpishi" au "mlinzi", au hatajwi kabisa.

Mtu huyo naye alikuwa baba wa mtu. Inawezekana wajukuu wake wako Iringa, Arusha au Morogoro leo, na hawajui kwamba sura ya babu yao imehifadhiwa vizuri ndani ya jengo la London. Hata wakiiona, nani atawathibitishia? Aliyekuwa na kalamu siku ile hakuuliza jina.

Jambo hilo la miaka ya 1940 haliwezi kusahihishwa lote. La nyumbani kwako linaweza, na halihitaji fedha.

La kufanya nyumbani

Anza na mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kaa na bibi, babu, shangazi au mjomba wakati ametulia, kwa mfano jioni baada ya chakula. Mpe picha moja moja. Usianze kwa kumuuliza mwaka, maana miaka husahaulika. Uliza, "Hapa ilikuwa kwa nani? Mvua zilikuwa zimeanza? Mimi nilikuwa nimezaliwa?" Majibu hayo yatakufikisha kwenye mwaka.

Uliza waliosimama nyuma na pembeni pia. Dada wa kazi, jirani na kibarua wa shamba wana majina. Waandike.

Andika nyuma ya picha kwa penseli, bila kukandamiza, karibu na ukingo. Wino wa kalamu unaweza kupenya au kuchafua picha nyingine. Andika jina kamili, mahali na tukio. "Mama Asha" peke yake haitamsaidia mjukuu ambaye hamjui Asha.

Piga picha hiyo kwa simu, kivulini, mchana, bila mwanga wa kamera, kisha geuza upige na upande wenye maandishi. Rekodi pia sauti ya bibi akisimulia. Mtumie ndugu mmoja anayekaa mji mwingine, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini, na nyumba huvuja. Katika bonde la Kilombero lenye mvua nyingi na unyevu, picha za karatasi hushikana na kuota ukungu. Zitenganishe kwa karatasi safi, uziweke juu, mbali na sakafu.

Ikiwa mzee anakataa kuzungumzia picha fulani, mwache. Huenda ina msiba ndani yake. Na kabla ya kuirusha kwenye kundi la ukoo, muulize kwanza. Si kila picha ni ya watu wote.

Mshirikishe mtoto kazi hii. Mwenye kuandika vizuri aandike, mwenye simu arekodi. Mfundishe maswali matatu ya kuuliza kila anapoona picha ya zamani, iwe ya nyumbani au ya kitabu cha historia: nani aliipiga, nani ametajwa, na nani hakutajwa? Mtoto anayezoea kuuliza hivyo hadanganywi kirahisi na picha, hata hizi za leo zinazosambaa kwenye simu.

Na zile mia tano ulizopiga kwenye arusi ya mwezi uliopita nazo zinahitaji kazi hiyohiyo. Leo kila mtu anamjua kila aliyemo, kwa hiyo hakuna anayeandika. Chagua kumi, taja majina kutoka kushoto kwenda kulia, na uyaandike leo.