Fahamu: Marhamu ya Rosasea na Jinsi Ilivyojaribiwa

Krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa masokoni, Bukavu na kwingineko, baadhi yake zina klobetasoli, dawa kali ambayo, ikipakwa usoni miezi kwa miezi, hupanua vijishipa vya damu hata mashavu yakatoka vipele na kuwaka kama yaliyopakwa pilipili; na hali hiyo hushabihiana mno na rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso ambao wekundu wake hauonekani upesi juu ya ngozi nyeusi, hivyo mgonjwa aghalabu huambiwa ana chunusi tu.

Miongoni mwa tiba za rosasea imo marhamu ya ivermektini ya asilimia 1, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Na jina hilo si geni kwetu, kwani vidonge vyake ndivyo vigawiwavyo bure kupambana na usubi. Katika majaribio mawili, wagonjwa 1371 waligawanywa kwa kura, wengine wakapaka dawa na wengine krimu tupu, mara moja kwa siku kwa wiki 12, mgonjwa wala tabibu asijue nani kapewa nini. Krimu tupu ndiyo roho ya jaribio, kwa kuwa hata mafuta matupu hutuliza ngozi. Waliopaka dawa, takriban 4 katika kila 10 walitakata uso au wakakaribia. Wa krimu tupu hawakufika 2.

Lakini wagonjwa hao walikuwa wa Marekani na Kanada, karibu wote weupe, na hilo lanisikitisha, kwani hayatuelezi mengi kuhusu ngozi nyeusi kama zetu. Na tukirudi kwenye krimu za kung'arisha, aachaye klobetasoli uso humvimba kwa majuma, naye, kwa kudhani ameharibikiwa, hukirudia kikopo kile kile; ni heri amwendee tabibu kabla ya kukifungua tena.